Njaa ya Januari: Mwanamke wa Ugogo na Uhakika wa Chakula

Januari ni mwezi mgumu katika vijiji vya Dodoma. Mvua imeshanyesha, mashamba yamekoza kijani, na msafiri apitaye barabara kuu ya Singida au ya Iringa huona nchi iliyoshiba. Ndani ya nyumba hali ni nyingine. Nafaka ya mwaka uliopita imekwisha au inachungulia mwisho, mavuno mapya hayaji kabla ya Mei, na palizi, kazi nzito kuliko nyingi za shambani, inadai watu waliokula wakashiba. Sehemu kubwa ya mzigo huo humwangukia mwanamke. Yeye ndiye anayepalilia, ndiye anayehangaika na cha kupika, na mara nyingi ndiye wa mwisho kukaa kwenye sahani.

Mkutano wa kilele wa chakula uliofanyika Roma mwezi Novemba 1996 ulikubaliana kwamba uhakika wa chakula upo pale watu wote, wakati wote, wanapoweza kupata chakula cha kutosha, salama na chenye lishe. Tangu hapo wataalamu hupima mambo manne: kama chakula kipo, kama watu wanaweza kukifikia, kama mwili unakitumia inavyopasa, na kama hali hiyo inadumu mwaka mzima. Hesabu za serikali hujibu vizuri swali la kwanza, kwa sababu tani za mavuno zinahesabika. Maswali matatu yaliyobaki hujibiwa jikoni, ambako takwimu hazifiki kwa urahisi. Amartya Sen, mwanauchumi wa India, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu umaskini na njaa kwamba watu wamewahi kufa njaa huku chakula kikiwepo sokoni, kwa kuwa walikosa njia ya kukipata. Alichokisema juu ya nchi na masoko kinafaa kusemwa pia juu ya nyumba moja. Nafaka inaweza kuwepo ndani ya boma, na bado mtu mmoja wa boma hilo asiwe na kauli juu yake.

Ugogo, nchi ya Wagogo katika mkoa wa Dodoma, ni nchi kame. Mvua yake ni ya msimu mmoja, huanza Desemba na kukatika Aprili, na kwa mwaka wa kawaida hufikia milimita 500 hadi 600 hivi. Kiasi hicho kingetosha mtama na uwele kama kingegawanyika vizuri. Tatizo ni kwamba katikati ya msimu, mara nyingi Februari, mvua hukaa kimya kwa wiki mbili au tatu, na mazao yanayotoa maua wakati huo huungua. Lakini si halali kuitupia mvua lawama zote. Njaa inayokumbukwa na Wagogo kwa jina la Mtunya, iliyowapiga mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia na baada yake, iliandaliwa na majeshi kabla ya kukamilishwa na ukame. Wajerumani na baadaye Waingereza walichukua ng'ombe, wakachukua nafaka, wakachukua wanaume wa kubeba mizigo. Inakadiriwa kwamba watu 30,000 kati ya 150,000 walikufa. Mvua ilikosekana kwa watu ambao ghala zao zilikuwa zimeshafagiliwa.

Kwa miaka mingi mabwana shamba wamewahimiza wakulima wa Dodoma walime mtama na uwele badala ya mahindi. Ushauri huo una mantiki. Mtama hustahimili kiangazi cha katikati ya msimu, na vituo vya utafiti, kikiwemo cha Hombolo, vimefanyia kazi mbegu zinazokomaa mapema, kama Macia na Tegemeo kwa mtama na Okoa kwa uwele. Hata hivyo mahindi yanaendelea kupandwa mwaka baada ya mwaka, na wataalamu wengi hulieleza jambo hilo kama ukaidi au tamaa ya ugali mweupe.

Maelezo hayo yanasahau ndege. Suke la mtama liko wazi, halina ganda la kulifunika, na kwelea kwelea wakitua shambani kwa makundi huweza kulimaliza kwa siku chache. Kwa hiyo tangu punje zinapoanza kuwa na maziwa hadi zinapokauka, lazima kuwe na mtu shambani wa kuamia ndege, kuanzia alfajiri hadi magharibi, akisimama juu ya kichuguu au ulingo wa miti, akipiga debe, akirusha mawe kwa teo, akipaza sauti hadi inakauka. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya watoto. Ada ya shule ya msingi ilipofutwa mwaka 2002 madarasa yakajaa, jambo jema lisilo na ubishi, na kazi ya kuamia ikabaki kwa mama. Mama huyohuyo ana maji ya kuteka, kuni za kutafuta na mtoto wa kunyonyesha. Akipanda mahindi, ganda la gunzi humlindia punje naye anapata nafasi ya kwenda kisimani. Anajua kwamba mahindi yanaweza kumtupa jua likizidi. Anajua vilevile kwamba hawezi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Ukiongeza kazi ya kukoboa mtama kwenye kinu pale ambapo mashine haipo karibu, hesabu inaelemea zaidi upande wa mahindi. Anayetaka mtama ulimwe hana budi kufikiria kwanza saa za mwanamke, kisha aje kwenye mbegu.

Saa hizo huwa adimu zaidi wakati nyumba inapokuwa haina kitu. Familia iliyoishiwa nafaka Januari huenda kulima vibarua kwa mwenye uwezo. Kazi hupimwa kwa ngwe: kipande cha shamba kinapimwa kwa hatua au kwa kamba, bei inatajwa, na anayemaliza hulipwa fedha au nafaka. Mwanamke hutoka nyumbani kukiwa bado na giza, jembe begani na mtoto mgongoni, apalilie ngwe ya mtu mpaka jua liwe kali, kisha apitie dukani au kwa mwenye kazi achukue kilo mbili tatu za unga. Jioni watu wanakula. Ila shamba lake mwenyewe linaota magugu katika wiki zilezile ambazo mtama mchanga hauvumilii magugu, na kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama na mahindi, halingoji mtu. Mwezi Juni atavuna kidogo kwa sababu Januari alipalilia kwa mwingine, na kwa kuwa amevuna kidogo, Januari ijayo atarudi kwenye ngwe. Mzunguko huu ndio unaozifanya kaya zilezile zionekane kwenye orodha ya wenye njaa kila mwaka, hata katika miaka ya mvua nzuri. Kaya zinazoongozwa na wajane na wanawake walioachika hunaswa nao upesi zaidi, kwa kuwa mikono ni michache na hakuna ng'ombe wa kukokota plau.

Baada ya mavuno huja jaribu lingine. Mei na Juni nafaka ni nyingi na bei iko chini. Desemba hadi Februari nafaka ni chache na bei iko juu. Mwenye akiba hungoja. Asiye na akiba huuza mapema ili alipe deni, anunue sare za shule au agharimie matibabu, kisha baada ya miezi sita hununua chakula kilekile kwa bei ya juu. Wafanyabiashara hufika hadi kijijini na magunia yao, na gunia la lumbesa, lile linaloshonewa kilemba juu likapita kipimo cha kilo 100, bado linapita licha ya kupigwa marufuku. Mazao mengi ya eneo hili huishia soko la nafaka la Kibaigwa, wilayani Kongwa, na kutoka hapo husafirishwa mbali. Swali la ndani ya nyumba ni nani anayepatana na mnunuzi. Kwa desturi ya Ugogo mke alikuwa na shamba lake na ghala lake, hasa katika nyumba ya wake wengi, na chakula cha watoto wake kilitoka humo. Nafaka ilipogeuka zao la biashara mpaka huo ulififia. Kilichokuwa chakula chini ya uangalizi wa mama sasa ni fedha, na fedha mara nyingi huingia mfukoni mwa baba. Wapo wanaume wanaorudi na fedha hiyo nyumbani hadi senti ya mwisho. Wapo pia ambao nusu yake hubaki kilabuni, na mke hana hata haki ya kuuliza gunia liliuzwa shilingi ngapi.

Kinachobaki kinahitaji kulindwa. Dumuzi, mdudu mharibifu wa nafaka, aliingia nchini kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na tangu hapo amesambaa kila mahali. Wakulima walimbandika jina la Scania, kama lori, kwa jinsi anavyosomba mahindi. Dawa ya unga ya kuhifadhia husaidia ikiwa ni halisi na imenunuliwa kwa wakati. Mifuko yenye tabaka tatu isiyopitisha hewa inafanya kazi vizuri zaidi, na bila dawa yoyote, ila bei yake ni mara kadhaa ya gunia la kawaida, na mwenye magunia mawili tu ya mahindi huona ni gharama isiyo na maana. Kisha iko sumukuvu, hatari isiyoonekana kwa macho. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata mlipuko wa ugonjwa uliotokana na mahindi yenye sumu hiyo, na watu wapatao 20 walifariki, wengi wao watoto. Ukungu unaoitengeneza sumu hiyo hustawi nafaka inapokauka vibaya au inapoanikwa chini kwenye udongo. Turubai la kuanikia ni dawa rahisi kuliko zote. Jambo la kuangaliwa hapa ni njia inayopitiwa na nafaka mbovu: punje nzuri huchambuliwa kwa ajili ya soko, na zilizopasuka au kubadilika rangi hubaki nyumbani ziwe uji, makande au pombe. Hivyo wanaokula sumu ni wale waliovuna.

Sahani yenyewe inasimulia mengi. Ugali na mlenda ndio mlo wa kila siku, na mlenda wa Ugogo hauna sababu ya kudharauliwa. Wanawake huchuma mlenda wa porini na majani ya kunde wakati wa masika, huyaanika juani, mara nyingi juu ya paa la udongo la tembe, huyasaga na kuyatunza kwa ajili ya kiangazi. Karanga zikisagwa ndani yake, mboga hiyo inakuwa na mafuta na protini. Ubuyu na ukwaju huongeza vitamini. Maarifa haya ni akiba ya chakula isiyoandikwa katika bajeti yoyote, na yanapungua kadiri mapori yanavyofyekwa kwa ajili ya mashamba na mkaa. Maziwa yapo kwa wenye ng'ombe. Nyama ni ya msiba na sikukuu. Kuku, ambao aghalabu ni mali ya mama, huuzwa ili kununua chumvi, sabuni na madaftari, na mayai huuzwa vivyo hivyo. Katika baadhi ya familia mjamzito hukatazwa mayai kwa imani kwamba mtoto atazaliwa hana nywele. Matokeo yanaonekana kwenye vipimo vya nchi nzima. Utafiti wa afya na watu wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 42 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, na asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Udumavu ulikuwa asilimia 34 katika utafiti wa 2015 na 2016, kwa hiyo hatua imepigwa. Upungufu wa damu kwa wanawake umeshuka kutoka asilimia 45 tu, na mwendo huo ni wa kinyonga.

Msaada upo wa namna mbalimbali, na si wote unaomfikia mwanamke kwa kiwango kimoja. Mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF umefanya uamuzi wa busara kwa kuwafanya wanawake kuwa wapokeaji wakuu wa ruzuku, na fedha ile, ingawa ndogo, aghalabu huishia kwenye unga, kuku wa kufuga na daftari la mtoto. Mbolea ya ruzuku iliyorejeshwa kuanzia msimu wa 2022/2023 inahitaji mkulima aandikishwe kwa jina na namba ya simu. Katika nyumba yenye simu moja, jina linaloandikwa mara nyingi ni la mume, na ujumbe wenye namba ya kuchukulia mbolea humfikia yeye, awe ndiye anayelima au la. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vikundi vya wanawake. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikaanza tena mwaka uliofuata. Inawafaa wafanyabiashara wadogo wa mijini kuliko mkulima wa mtama, kwa sababu marejesho yanaanza kudaiwa kabla suke halijakomaa.

Chombo ambacho wanawake wa vijijini wamekijenga kwa mikono yao wenyewe ni kikundi cha kuweka na kukopa, maarufu kwa jina la VICOBA. Kila wiki wanachama hukaa duara chini ya mti, sanduku la chuma likiwa katikati. Lina kufuli tatu, na funguo zake ziko kwa watu watatu tofauti, ili pasiwe na anayelifungua peke yake. Hisa zinanunuliwa hadharani, mfuko wa jamii unachangiwa kwa ajili ya misiba na maradhi, mikopo inatolewa na kila shilingi inatajwa kwa sauti. Mwisho wa mzunguko kikundi kinavunja na kugawana. Vikundi vinavyovunja Novemba au Desemba vinafanya hesabu nzuri, kwa kuwa fedha huingia wakati mbegu zinatakiwa na kabla njaa ya Januari haijafika, na mwenye kiasi hicho mkononi ana nafasi ya kupalilia kwake badala ya kwenda ngwe. Udhaifu wa VICOBA ni kwamba mwanamke maskini kabisa hayumo, kwa kuwa hana cha kununulia hisa ya kila wiki, na ukame mkali huwapiga wanachama wote kwa pamoja, wakati ambapo kila mmoja anahitaji kukopa na hakuna wa kuweka.

Hayo yote yamesimama juu ya ardhi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2011 kwamba wanawake wakulima wa nchi zinazoendelea wangepata pembejeo na rasilimali sawa na wanaume, mavuno ya mashamba yao yangepanda kwa asilimia 20 hadi 30. Shamba ndilo la kwanza kati ya rasilimali hizo. Mwanamke asiye na hakika kama atalima kipande hicho mwaka kesho hachimbi makinga maji, hapandi miti wala habebi samadi kuipeleka humo, na ana haki ya kufanya hivyo: ni nani atakayejitaabisha kurutubisha shamba litakalochukuliwa na shemeji siku arobaini baada ya msiba?

Sheria za Tanzania katika jambo hili zinavutana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki, kukalia au kutumia ardhi, na inataka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba liwe na wanawake watatu. Mahakama ya Rufani iliamua tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mwaka 1990, huko Mwanza, Jaji James Mwalusanya alikataa mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi, akisema inapingana na Katiba. Upande wa pili lipo tamko la mila la mwaka 1963, linalohusu jamii zinazofuata ukoo wa baba, ambalo linamwona mjane kama mtu wa kutunzwa na wanawe, asiye mrithi wa mumewe. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilisema mwaka 2015, katika shauri la wajane wawili wa Kitanzania, kwamba haki zao zilivunjwa na mila hizo. Kijijini, kesi nyingi haziendi hata kwenye baraza. Zinamalizwa na wazee wa ukoo nyumbani kwa marehemu, na mjane anaambiwa uamuzi.

Njia iliyo karibu zaidi ni hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa na halmashauri ya kijiji baada ya mipaka kuhakikiwa mbele ya majirani. Hati hiyo inaweza kuandikwa jina la mume na mke kwa pamoja, na mjane mwenye jina lake kwenye karatasi ana cha kuonyesha mbele ya ukoo wa mumewe. Kazi ya upimaji inaendelea katika vijiji vingi, na wanaofanya kosa hapa huwa hawana nia mbaya: mpimaji anafika, anauliza mwenye shamba ni nani, mume anataja jina lake, nalo linaandikwa peke yake. Kamati ya kijiji inayopima mashamba msimu huu haihitaji kungoja sheria mpya. Imwite na mke, asimame pale mpakani, aulizwe, na jina lake liandikwe.